Aliyeitika Kwenye Vanila

Haya yalimpata mama yangu mdogo, yule anayemfuata mama aliyenizaa. Mengine aliniambia mwenyewe kwa simu, Jumapili baada ya Jumapili. Mengine niliyapata kwa jirani yake. Yaliyobaki niliyaona kwa macho yangu, nami sina wa kumlaumu.

Jina lake Veneranda. Aliishi peke yake kwenye mteremko unaotazama ziwa, mwendo wa nusu saa kwa miguu kabla hujafika Ilagala. Watu wa kule waliliita shamba lake "shamba la wageni", kwa sababu ya miti iliyokuwamo. Mumewe, baba mdogo Selestini, alikuwa makanika wa boti za mizigo. Kila walikotia nanga, Bujumbura, Kalemie, Mpulungu, alirudi na mbegu mfukoni au mche uliofungwa kwenye kipande cha gunia bichi. Alipanda shokishoki. Alipanda mshelisheli. Alipanda doriani, ambalo likiiva wapita njia huziba pua wakauliza nani amekufa. Kulikuwa na tunda la joka likipanda nguzo kwa miiba yake, na miti mingine ambayo hata yeye hakujua majina, aliita tu "yule wa Kalemie" na "yule wa padri". Mingi ilikufa. Iliyobaki ilishika kana kwamba ilizaliwa pale.

Lakini alichokipenda kuliko vyote ni vanila.

Vanila ni mmea unaotambaa, unapanda juu ya mti mwingine kama nyoka anayetafuta jua. Huku kwetu hakuna mdudu anayelijua ua lake. Lazima mkono wa mtu. Ua hufunguka alfajiri, na ikifika saa sita mchana limekwisha. Ndani yake mna dume na jike, humo humo, wametenganishwa na kiutando chembamba kama ngozi ya kitunguu. Unachukua mwiba wa mlimau, unakiinua kile kiutando, unabonyeza kwa kidole gumba. Basi, limeshika. Usipofanya siku hiyo hiyo, ua linadondoka na tunda hulioni.

Selestini aliiita kazi hiyo kufungisha ndoa. "Veneranda, twende tukafungishe ndoa," alikuwa akisema kila asubuhi ya msimu, na wanaingia shambani, yeye safu hii, mkewe safu ile, wanaitana kupitia majani. Hawakujaliwa mtoto. Waliitana wao kwa wao miaka thelathini na mmoja.

Selestini alikufa kwa ugonjwa wa kifua, mwaka juzi. Baada ya mazishi nilimsihi mama mdogo aje mjini kukaa na sisi. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kasingirima; nyumba yetu si kubwa, lakini mke wangu Winfrida alikuwa ameshamtandikia chumba.

"Nikija huko, maua ataozesha nani?" akaniuliza.

Nikamwahidi kwamba nitakwenda kumwona kila mwezi. Nilikwenda mara mbili. Baada ya hapo nikawa namtumia vocha.

Ndiyo maana tulikuwa tukizungumza Jumapili. Mtandao haukufika nyumbani kwake, alilazimika kupanda mteremko hadi juu ya shamba, na huko alinihadithia wiki yake. Samaki wamepungua. Tumbili wamekula shokishoki. Jumapili moja ya mwezi wa tisa akakatiza maneno katikati, akasema:

"Jeremia, unajua sijasikia jina langu tangu lini?"

"Jina gani, mama?"

"Hilo nililobatizwa. Wewe unaniita mama. Watoto wa njiani wananiita bibi. Yule jirani Stephania ananiita dada. Wote waliokuwa wakiniita Veneranda wako chini ya udongo. Juzi nimehesabu, nikaona hakuna mtu hai mwenye ruhusa ya kuniita jina langu."

Nikacheka kidogo.

"Kwa hiyo nimeanza kujiita mwenyewe," akaendelea. "Asubuhi nikiingia shambani nasema, Veneranda! Halafu najiitikia, abee! Mwili unachangamka. Usimwambie mtu, watasema nimechanganyikiwa."

Sikumwambia mtu. Hata mimi mwenyewe nilisahau.

Mwezi wa kumi mvua za kwanza zilinyesha na vanila ikaanza kuchanua. Jumapili iliyofuata sauti yake ilikuwa na kitu kipya. Si hofu. Ilikuwa kama ya msichana mwenye siri.

Aliniambia kwamba Alhamisi aliingia shambani jua likichomoza, akasimama mwanzo wa safu kama kawaida, akaita: "Veneranda!" Alikuwa anavuta pumzi ili ajiitikie. Kabla hajafungua mdomo, sauti ikatoka mwisho wa safu, nyuma ya majani.

"Abee."

"Ni mwangwi, mama," nikamwambia. "Mlima na ziwa vinarudisha sauti."

"Mwangwi unarudisha ulichosema, mwanangu. Mimi nilikuwa sijasema."

Wiki iliyofuata ndiyo wiki ya maua mengi, na malaria ikamwangusha. Jumanne alijaribu kusimama, akaanguka mlangoni. Alilala Jumanne, Jumatano, Alhamisi, anatetemeka chini ya kitenge chake cha bluu, akijua kwamba nje maua yanafunguka na kufa kwa mamia. Msimu mzima. Alilia, akaniambia. Alilia akasema kwa sauti, chumbani peke yake: laiti ningekuwa na mtu.

Ijumaa homa ilishuka. Akajikongoja hadi kwenye safu ya kwanza akitazamia kukuta maua yamezagaa chini.

Hapakuwa na ua hata moja chini.

Ua la vanila lililoshika hunyauka, lakini hubaki limeng'ang'ania kikonyo chake. Yote yalikuwa yameng'ang'ania. Safu ya kwanza, ya pili, ya kumi. Hata yale ya juu kabisa, ambayo Selestini mwenyewe aliyafikia kwa ngazi. Ngazi ilikuwa imelala ukutani palepale ilipokuwa, na buibui alikuwa amefuma kati ya vipago vyake.

"Ni Selestini," akaniambia. "Nani mwingine anaijua kazi hii?"

Nilitaka kumwambia aondoke hapo. Lakini alikuwa na furaha. Tangu mazishi sikuwahi kumsikia na furaha, nami nikaona, kuna ubaya gani mjane akijiliwaza? Akawa anaamka anachemsha chai, anamimina vikombe viwili, kimoja anakiacha mwanzo wa safu. Akirudi anakuta kikombe kimejaa vilevile, chai imepoa. Kila asubuhi kazi imeshafanyika. Alikuwa hana la kufanya ila kutembea kati ya mimea yake na kuzungumza.

Siku moja, kwa udadisi tu, alishika kitumba cha ua ambalo lilipaswa kufunguka kesho yake. Kilikuwa kimefumba, kigumu, cha kijani. Akakipasua kwa ukucha. Ndani, kiutando kilikuwa kimeshainuliwa.

Stephania ni jirani yake, mama wa asili ya Kongo anayeuza dagaa. Njia yake ya kwenda sokoni inapita pembeni mwa shamba lile. Yeye ndiye aliyenisimulia hili linalofuata, na mama mdogo akalithibitisha.

Alipita Jumamosi akakuta mama mdogo ameketi mlangoni. Akatua beseni lake.

"Dada yangu, umenikasirikia?"

"Kwa nini nikukasirikie?"

"Jumatano nimekupita umo humo kwenye vanila. Nimekusalimia mara tatu. Umenigeuzia mgongo, unafanya kazi tu. Mara ya tatu umecheka."

"Jumatano ipi?"

"Ya wiki iliyopita. Ile wiki ya joto."

Mama mdogo akahesabu siku. Jumatano ile alikuwa kitandani, hawezi kuinua kichwa.

"Stephania. Uliona mwanamume?"

"Mwanamume gani? Nimekuona wewe. Ulikuwa umejifunga kitenge chako hicho cha bluu."

Kitenge cha bluu kilikuwa juu ya kitanda siku ile. Alikuwa amelala chini yake.

Jumatatu hakuingia shambani. Aliamka mapema, akafunga mlango kwa ndani, akasimama kwenye dirisha la chumba, pale penye ufa wa ubao. Kulikuwa kumekucha. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka ziwani. Wavuvi walikuwa wanarudi, aliwasikia wakicheka kwa mbali. Asubuhi ya kawaida kabisa.

Mtu alitoka nyuma ya mshelisheli.

Akapita safu ya kwanza. Taratibu. Mgongo umeinama kidogo, kama wa mtu aliyezoea kuinama. Kitenge cha bluu. Kilemba cha kaniki. Mguu wa kushoto ukiburuta kidogo, kama wa mama mdogo unavyoburuta tangu alipoanguka utelezini.

Hakuwa na mwiba mkononi. Aliinua viutando kwa ukucha.

Mama mdogo alikaza macho kutafuta kitu cha mumewe. Bega. Shingo. Chochote. Hakukuwa na kitu. Alikuwa anajitazama mwenyewe kwa nyuma.

Yule akasimama. Hakugeuka. Akaita, kwa sauti ile ile ambayo mama mdogo alikuwa akijiitia mwezi mzima.

"Veneranda!"

Na mama mdogo, nyuma ya dirisha, akasikia mdomo wake mwenyewe ukijibu.

"Abee."

Hakulitaka neno hilo. Lilitoka lenyewe.

Haya aliniambia Jumapili, kwa kunong'ona. Nilimwambia nitakuja. Nilikuwa na kazi ya mageti mawili ya mtu, nikasema niyamalize kwanza. Kila nikikumbuka mageti yale, natamani kuyang'oa.

Kwa siku tisa zilizofuata ikawa hivyo. Yule anaita, mama mdogo anaitika. Kila akiitika anahisi mwili unapungua, kama nguo inayofuliwa kila siku. Sauti yake ikawa ndogo. Chakula kikawa hakina ladha. Jumamosi Stephania akapita tena, na mama mdogo akatoka mlangoni, akasimama njiani mbele yake kabisa, akamwambia, "Stephania, nisaidie."

Stephania alitazama kupitia bega lake. Akatabasamu, akainua mkono kuelekea kwenye vanila. "Mwakeye, dada!" akasalimia kwa Kiha, kwa mzaha kama walivyozoea. Akapita.

Nilimuuliza Stephania baadaye. Aliapa kwa watoto wake kwamba njiani hapakuwa na mtu.

Simu ya mwisho haikuja Jumapili. Ilikuja Jumanne saa nne asubuhi, nikiwa kazini. Nilizima mashine ili nisikie. Alinihadithia hayo ya siku tisa, akihema.

"Njoo unichukue. Kesho."

"Nakuja, mama."

"Sikiliza. Ukifika usiniite. Umesikia? Usiniite mama, usiniite jina, usiite kabisa. Ukiita, atakayeitika si mimi."

"Sasa nitakupataje?"

"Nyoosha mkono tu. Simama mlangoni unyooshe mkono. Nitaushika."

"Mama, umekunywa dawa?"

Simu ikakatika. Au aliikata. Sikujua.

Nilikodi gari dogo, nikaondoka Kigoma kabla hakujapambazuka vizuri, nikafika saa mbili na nusu. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara imeteleza, na dereva alikuwa amenuna kwa ajili ya matairi yake. Aligeuza gari mbele ya nyumba, hakuzima injini.

Mlango ulikuwa wazi. Nikasimama kizingitini. Ndani kulikuwa safi, kitanda kimetandikwa, hakuna mtu. Nilikumbuka aliyoniambia. Naapa nilikumbuka. Nikanyoosha mkono mbele yangu kama mjinga, nikangoja.

Dereva akapiga honi.

Nikangoja tena. Mkono ulikuwa mzito. Niliona aibu, mtu mzima na watoto wake, nanyooshea mkono chumba kitupu. Nikawaza: yuko na homa, ameanguka huko shambani, anakufa, na mimi nimesimama hapa nacheza. Dereva akapiga honi mara ya pili.

Nikashusha mkono.

"Mama mdogo!" nikaita.

Kimya. Matone yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye majani.

"Mama mdogo!"

Kimya.

Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Katika maisha yangu sikuwahi kulitamka jina lake likiwa tupu. Hakuna mtoto anayemwita mama yake hivyo. Niligeukia shamba, nikapaza sauti.

"Veneranda!"

"Abee."

Akatoka kwenye safu ya tatu, kitenge cha bluu kimelowa pindoni, anajifuta mikono. Uso wake ulikuwa umejaa, una afya. Akanitabasamia. Nilifurahi mno hata sikushtuka, na hapo ndipo palipokuwa pa kushtuka: tangu lini mama akamwitikia mtoto wake "abee"?

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Twende."

Hakuchukua hata mfuko. Nikavuta mlango nikaufunga kwa komeo. Aliingia kiti cha nyuma. Gari lilipokuwa linaondoka nilitazama nyuma mara moja. Mlango ule niliofunga kwa komeo ulikuwa wazi.

Nikajiambia ni upepo. Hapakuwa na upepo.

Kwa wiki tatu nyumba yetu ilikuwa na furaha. Niseme ukweli. Alipika, alicheka, watoto walimganda. Hakutaja shamba hata siku moja. Nilipomuuliza kuhusu zile simu, alinitazama kwa huruma. "Upweke, mwanangu. Upweke unasema mambo mengi." Nami nilitaka sana iwe hivyo.

Kulikuwa na jambo moja tu. Winfrida ndiye aliyeliona kwanza.

"Mama ana masikio makali," aliniambia. "Ukifungua mdomo kumwita, ameshaitika."

Nilijaribu. Nilisimama uani, yeye akiwa jikoni, nikavuta pumzi ya kumwita. Pumzi tu.

"Abee," akasema.

Jumapili ya tatu Stephania akapiga simu. Mama mdogo alikuwa ameketi kwenye kigoda pale uani anachambua maharage, mimi nimekaa kibarazani, hatua kumi kutoka kwake. Nikaweka simu sikioni.

"Jeremia, wewe ni mtoto wa namna gani?" Stephania alikuwa analia. "Umemwacha mama yako?"

"Nimemwacha wapi? Yuko hapa."

"Hapa wapi? Nimetoka kumwona sasa hivi. Yuko pale gari lilipogeuzia. Ameketi chini kwenye matope. Amekonda, Jeremia, amekonda namuona kama moshi. Namwita, haitiki. Anatazama barabara tu."

Nikageuza macho kwenye kigoda. Kwenye sinia, maharage yalikuwa yanaanguka moja moja. Tak. Tak.

Mama mdogo hakuinua kichwa.

"Mwambie Stephania asimsumbue," akasema taratibu. "Atazoea."

Niliazima pikipiki ya jirani. Sikuaga. Mvua ilianza nikiwa Simbo, kubwa, mfululizo. Nilifika shambani nimelowa chapa.

Pale gari lilipogeuzia hapakuwa na mtu. Nyumba ilikuwa wazi. Maua ya vanila yalikuwa chini, mamia kwa mamia, yameoza, kahawia, yananata kwenye viatu. Hakuna aliyeyagusa tangu siku ile.

Sikuita. Nilisimama kizingitini, nikanyoosha mkono.

Nilisimama muda mrefu. Mkono ulikufa ganzi nikaubadilisha kwa mwingine. Nililia, sioni haya kusema. Nilimwomba msamaha kimoyomoyo, maana niliogopa hata kunong'ona. Mvua ilipiga bati. Hakuna kilichonishika. Hakuna baridi, hakuna joto, hakuna kitu. Mkono wa mtu katika chumba kitupu.

Ilipokaribia saa tisa nikarudi kwenye pikipiki. Nilijua nimechelewa. Niliendesha hadi Kigoma katika mvua ile, peke yangu.

Winfrida alikuwa amesimama langoni ameshika mwavuli, uso umepauka.

"Mama ameondoka," akasema. "Sasa hivi tu, hata dakika tano hazijapita. Alikuwa anakunja nguo. Akasimama ghafla, akatazama barabara unakotokea wewe, kabla hatujasikia hata mlio wa pikipiki. Nikamuuliza, mama kuna nini? Akaniambia, 'Amemleta.' Akapita mlango wa nyuma. Nilimkimbilia mpaka kwenye bomba la maji, sikumwona tena."

Hatujamwona mpaka leo, huyo wala yule. Tulitafuta Ujiji yote, Kibirizi, Ilagala. Stephania anasema kule shambani sasa hakuna mtu; hata pale njiani hakuna. Miti imebaki na ndege.

Lakini jioni ile, nilipoinamisha kichwa pale langoni, Winfrida alinishika begani akanigeuza.

"Jeremia, umetokaje Ilagala?"

"Kwa pikipiki. Huoni nilivyolowa?"

"Umelowa mbele."

Nikapeleka mkono mgongoni. Shati lilikuwa kavu. Kavu kabisa, kuanzia mabegani hadi kiunoni, na lina joto, kama limetoka kupigwa pasi. Tukatazama pikipiki. Nusu ya mbele ya kiti ilikuwa inachuruzika maji. Nusu ya nyuma ilikuwa na vumbi.

Mahali pamoja tu mgongoni palikuwa pamelowa. Padogo, kiasi cha shavu la mtu, chini kidogo ya bega la kulia.

Winfrida alinivua lile shati, akalitundika kwenye kamba ya ndani. Asubuhi lilikuwa limekauka. Pale palipolowa palikuwa na duara jeupe. Akapitisha kidole, akakipeleka ulimini.

Ilikuwa chumvi.